Umepata ajali Dar? Usimalizane kando ya barabara

Ajali ikitokea Tazara au Buguruni, majeruhi hata hajainuliwa, utasikia mtu anasema "yaishe hapahapa". Konda anachangisha elfu kumi kumi, dereva anaomba asipelekwe kituoni, na waliozunguka wanashauri: pokea, huyu mwenyewe hana kitu. Ushauri huo unawapotezea watu haki kubwa kwa hela ya panadol.

"Dereva hana hela, nitamdai nini?"
Fidia ya majeraha kwa kawaida haitoki mfukoni mwa dereva. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kuwalinda watu wengine barabarani, hii tunayoiita bima ndogo. Wengi wanaidharau, wanaona ni ya kumridhisha trafiki tu. Kumbe bima ndogo ni yako wewe uliyegongwa kwenye zebra: haitengenezi gari la aliyeikata, inafidia mwili wako. Na kwa chombo kinachobeba watu kwa nauli, sheria inataka iwaguse hata abiria waliomo. Mahakama ikiamua kwamba dereva mwenye bima alikosea, kampuni ya bima ndiyo inayotakiwa kuilipa hukumu. Dereva akiwa ameajiriwa, mwenye gari naye anawajibika kwa uzembe uliofanyika kazini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni namba ya gari. Piga picha ya namba, ya gari lilivyokaa barabarani, na uchukue simu za watu wawili watatu walioona. Ukiwa huwezi, ndugu yako afanye. Kisha ingiza namba hiyo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), utaona kama gari lina bima hai. Ukikuta imekwisha, na kwa bodaboda hilo hutokea, madai yanabaki kwa dereva na mwenye chombo, na hapo kweli kazi inakuwa ngumu.

"Bila PF3 hutibiwi."
PF3 ni fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Mtu anayevuja damu anatakiwa kuhudumiwa kwanza, fomu ifuate. Ndugu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende kituo cha polisi. PF3 hailipiwi. Daktari akishaijaza, toa kopi kabla hujairudisha polisi, maana fomu hiyo ndiyo inayounganisha majeraha yako na ajali ile. Usiache kuichukua eti kwa sababu umeshatibiwa.

"Nimepata nafuu, nisaini nichukue changu."
Hapa ndipo watu wanapoumia mara ya pili. Mtu amevunjika paja, amewekewa chuma Taasisi ya Mifupa Muhimbili, baada ya wiki chache analetewa karatasi ya kukubali malipo ya mwisho. Anasaini. Hajui kama mguu utakunja vizuri, wala kama chuma kitahitaji kutolewa kwa upasuaji mwingine. Ukishakiri kwamba umelipwa yote, kuufungua tena mlango huo ni shida kubwa. Subiri daktari aandike ripoti ya ulemavu uliobaki, ndipo mzungumze kiasi. Tunza risiti zote, hata za magongo na za bajaji ya kwenda kliniki, pamoja na uthibitisho wa kipato ulichokosa ukiwa kitandani.

"Dereva ametozwa faini, mambo yamekwisha."
Faini inakwenda serikalini. Kesi ya trafiki ni ya jinai, fidia yako ni madai mengine kabisa. Ila fuatilia matokeo yake, kwa sababu hukumu iliyomtia dereva hatiani ni ushahidi mzito kwenye kesi yako ya madai.

"Nilivuka pasipo na zebra, sina haki."
Ukiwa umechangia kosa, fidia inapunguzwa kulingana na mchango wako. Haifutwi yote.

"Niliumia kazini, mwajiri atanisaidia akipenda."
Si hisani. Dereva, tanboi au mfanyakazi yeyote aliyeumia akitekeleza kazi ya mwajiri ana madai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na michango ya mfuko huo ni ya mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa. Akikaa kimya, nenda mwenyewe.

"Haya ni mambo ya wenye mawakili."
Unaweza kuanza mwenyewe kwa barua kwa kampuni ya bima, ukiambatanisha PF3, ripoti ya polisi, ripoti ya daktari na risiti. Hakikisha nakala yako inagongwa mhuri wa mapokezi. Wakikukatalia au wakikuzungusha, mpelekee malalamiko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Msaada wa kisheria bila malipo nao upo, kwa mfano TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nakusihi usimkabidhi hati halisi mtu aliyekufuata wodini akiahidi mamilioni.

"Nitadai nikipona kabisa, haki haiozi."
Mahakamani inaoza. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya uzembe yana miaka 3, na mazungumzo na kampuni ya bima peke yake usiyategemee kusimamisha hesabu hiyo. Gari likiwa la serikali, unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, kwa hiyo mwaka wa tatu ukiingia hujaandika chochote, muone mwanasheria wiki hiyohiyo.