Jioteknika ya reli za treni za kasi, ni kitu gani hasa?

Ukitaja treni ya kasi watu wanawaza injini na ile pua iliyochongoka, ila kazi inayowanyima mainjinia usingizi iko chini ya reli. Jioteknika ni uhandisi wa udongo na miamba: ardhi itabeba mzigo kiasi gani, itatitia kiasi gani, maji yaliyomo yataenda wapi.

Spidi kwanza, maana hapa ndo patamu. Treni ikipita inatuma mawimbi ardhini, na kwenye udongo laini yanatembea taratibu, mengine mita 50 hivi kwa sekunde, sasa piga hesabu, hiyo ni kilomita 180 kwa saa tu, yaani treni inaweza kuyafikia mawimbi yake yenyewe! Hapo yanarundikana kama maji mbele ya boti na tuta zima, ule udongo ulioinuliwa kubeba reli, linaanza kucheza juu chini. Sweden yaliwakuta pale Ledsgård mwishoni mwa miaka ya 1990, treni za X2000 zikawa zinatikisa njia kupita kiasi, ikabidi spidi ishushwe kwanza, halafu wakachanganya chokaa na saruji humo humo kwenye udongo mpaka zikajitengeneza nguzo ngumu chini ya njia.

Kutitia nako ni balaa jingine. Reli ya kulala juu ya zege huwezi kuinyanyua kirahisi kama ile ya kokoto, ndo maana viwango vya China vinataka tuta lisititie zaidi ya milimita 15 ujenzi ukishaisha. Milimita 15 jamani, kwenye tuta la udongo! Kwa hiyo wanazamisha nguzo nyingi za zege na kutandika nyavu za plastiki ngumu juu yake, au wanaulemea udongo kwa kifusi miezi kadhaa ili maji yatoke na udongo utitie mapema, au wanaachana na tuta kabisa wanajenga daraja. Daraja la Danyang–Kunshan kwenye reli ya Beijing–Shanghai iliyofunguliwa 2011 lina kilomita 164 na ushee, na sehemu kubwa halivuki mto wowote, sababu mojawapo ni kukwepa udongo mbovu.

Na daraja nalo si dawa ya kila kitu, kule Yunlin, Taiwan, ardhi iliyobeba nguzo za reli ya kasi imekuwa ikishuka kwa sababu ya maji yanayovutwa visimani, mpaka serikali ikaanza kuvifunga visima.