Fedha za maombi ya hisa: lini mtaji huhesabiwa kuwa mapato yaliyofichwa?

Kampuni inapouza hisa mpya haijapata faida. Imepata mwenye mali mwingine wa kugawana naye. Ndiyo maana fedha za maombi ya hisa, yaani zile anazolipa anayeomba hisa kabla hajagawiwa, huandikwa upande wa mtaji, wala hazitozwi kodi ya mapato. Ugumu huanza siku mkaguzi anapofika kwenye mstari huo wa hesabu na kuuliza: aliyeleta fedha hizi ni nani, na yeye alizipata wapi?

India imelibishania swali hili mahakamani kwa miongo kadhaa. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya nchi hiyo ya 1961 kiliweka msingi: fedha ikionekana kwenye vitabu vya mlipakodi, naye asieleze ilikotoka, au maelezo yake yasimridhishe ofisa, yaweza kuhesabiwa kuwa mapato yake ya mwaka ule. Mahakama zikaitaka kampuni ionyeshe mambo matatu. Mleta fedha awe yupo kweli, awe na uwezo wa kutoa kiasi hicho, na muamala uwe umefanyika kweli, si kwenye makaratasi tu.

Kwa muda mrefu kampuni ziliegemea uamuzi wa 2008 katika kesi ya kampuni ya Lovely Exports. Humo Mahakama ya Juu ilisema kwamba kama wanahisa wanaodaiwa kuwa wa bandia wametajwa kwa majina, idara ya kodi iko huru kuwafuata wao wenyewe. Wengi wakaelewa hivi: peleka majina, namba za mlipakodi na nakala za hundi, kazi imekwisha. Mimi naona uamuzi ule ulibebeshwa mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa.

Kesi ya NRA Iron & Steel, iliyoamuliwa tarehe 5 Machi 2019, ilionyesha mpaka wake. Kampuni hiyo ilipokea rupia milioni 176. Hisa yenye thamani ya rupia 10 iliuzwa kwa rupia 200, na wanunuzi walikuwa kampuni zilizosemekana kuwa Mumbai, Kolkata na Guwahati. Karatasi zilikuwepo na malipo yalipitia benki. Lakini ofisa hakuishia mezani. Uchunguzi ulifika hadi kwenye anwani zenyewe, na baadhi ya kampuni hazikuonekana hapo. Nyingine zilikuwa zimetangaza mapato madogo mno, wala hazikueleza kwa nini zilikubali bei ile. Kampuni ilikuwa imeshinda ngazi zote za chini, ila Mahakama ya Juu ikaipa ushindi idara ya kodi.

Tuchukue mfano ili ieleweke mkaguzi hutafuta nini. Anafungua taarifa ya benki ya mnunuzi wa hisa. Mwezi mzima salio ni elfu chache. Jumanne zinaingia milioni 5 kutoka kampuni nyingine, Jumatano inatoka hundi ya milioni 5 kununua hisa, Alhamisi salio limerudi palepale. Mara nyingi mtiririko wa namna hii huanza na fedha taslimu ambazo hazikulipiwa kodi. Mwenyewe humkabidhi dalali, zikapitishwa kwenye akaunti za kampuni hewa mbili tatu, kisha zikamrudia kama mtaji safi. Hundi ni halali. Kilicho bandia ni mnunuzi.

Ndiyo maana tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2012, kampuni binafsi za India zilitakiwa pia mwanahisa mwenyewe aeleze chanzo cha fedha zake. Desemba 2016 kodi ya mapato ya aina hii ikapandishwa kutoka asilimia 30 hadi 60, na ukijumlisha tozo za ziada ilifika takriban asilimia 78, bila kuruhusiwa kutoa gharama wala kufidia hasara. Kiwango hicho kiliumiza, na kilimtaka ofisa naye afanye kazi yake. Kampuni ikileta ushahidi wa kutosha, haitoshi yeye kusema tu kwamba hakuridhika. Lazima auchunguze.

Kwetu sheria zina maneno mengine, lakini mlipakodi yuko katika hali ileile. Kenya, Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi ndiye athibitishe kwamba uamuzi wa kodi si sahihi. Tanzania pia, anayekata rufaa ndiye huonyesha kuwa makadirio yamezidi au yana makosa. Fedha zilizoingia benki bila maelezo ni mahali pepesi pa kuanzia makadirio.

Basi kama shemeji yako aliyeko Muscat ananunua hisa kwenye kampuni yenu, asikutumie kwa simu yako binafsi. Atume kutoka akaunti yake hadi akaunti ya kampuni, pamoja na barua ya maombi inayotaja idadi ya hisa na bei. Wakurugenzi wakae, waandike muhtasari, wagawe hisa na kusajili mgao. Mwombe nakala ya taarifa yake ya benki na hati za mshahara sasa hivi, wakati mnaelewana. Sheria zetu hizi mbili hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini faili la mtaji mimi hushauri lisitupwe maadamu kampuni ipo.

Wala msiziache fedha za maombi zikae miaka bila hisa kutolewa. India, hisa zikitolewa kwa watu maalumu bila kutangazwa kwa umma, sheria ya kampuni ya 2013 inatoa siku 60 za kuzigawa. Zikipita, fedha zirudishwe ndani ya siku 15, la sivyo kampuni inalipa riba ya asilimia 12 kwa mwaka.