Dawa zinazozuia protini, na kumbukumbu inayokataa kukaa

Tangu nianze kufundisha fiziolojia hapa Moshi, swali hili hunifikia karibu kila mwaka: "Mwalimu, kama kumbukumbu inahitaji protini mpya, mgonjwa aliyeandikiwa doksisaiklini si atasahau hata jina la mkewe?" Hatasahau. Doksisaiklini na erithromaisini huzuia ribosomu za bakteria, yaani viwanda vya kutengeneza protini ndani ya seli. Ribosomu za seli zetu zimeundwa tofauti, hivyo kwa dozi ya kawaida dawa hizo haziziathiri. Zinazozima ribosomu zetu ni nyingine, kama anisomaisini na saikloheksimidi. Hizo hazipo kwenye duka la dawa, zipo maabara, na zimetufundisha mengi.

Katika historia hii yote, mimi nawapenda zaidi samaki. Miaka ya 1960, Bernard Agranoff wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliwaweka samaki wa dhahabu kwenye tangi lenye kizingiti katikati. Taa inawaka upande alipo samaki. Asipohama, baada ya sekunde kadhaa anapigwa shoti. Baada ya kurudia-rudia, akiiona taa tu anavuka. Agranoff akachukua puromaisini, inayozuia protini kwa bakteria na kwa wanyama pia, akaidunga kwa sindano nyembamba kupitia fuvu. Samaki waliodungwa kabla ya mafunzo walijifunza kama wenzao. Waliodungwa mara tu baada ya mafunzo, siku chache baadaye walikuwa kama hawajawahi kufundishwa. Waliodungwa saa moja baadaye walikumbuka.

Hebu zisome tena sentensi tatu za mwisho, maana hoja yote imo humo. Ili kujifunza, seli za neva hutumia protini zilizopo tayari na kuzirekebisha kidogo. Ni kumbukumbu kudumu ndiko kunakodai mpya. Kalsiamu inaingia ndani ya seli, ishara inafika kwenye kiini, protini iitwayo CREB inawasha jeni, na kinachotengenezwa kinakwenda kuimarisha sinapsi, pale seli moja inapoungana na nyingine. Eric Kandel, aliyeifuatilia njia hii kwa konokono wa baharini, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kazi hiyo ya kutengeneza protini mpya ina muda wake. Ukishapita, dawa imechelewa.

Huku kwetu tunaona kitu kinachofanana na hicho. Kijana wa bodaboda aliyegongwa na kuumia kichwa anaweza kukueleza vizuri habari za mwaka jana, hata abiria wa asubuhi, lakini dakika za mwisho kabla ya ajali hana kabisa. Ndugu hudhani anaficha jambo. Hafichi. Ubongo ulitikiswa kabla haujamaliza kuyaweka aliyoyaona.

Wapo wanaosema dawa hizi ni sumu tu, na kwamba mnyama mgonjwa hakumbuki vizuri. Ni kweli zina madhara mengine, anisomaisini hasa. Lakini sumu ileile ikichelewa saa moja, samaki anakumbuka, na sioni hoja ya ugonjwa inavyolieleza hilo.

Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walituongezea jambo ambalo wengi walilipinga. Panya aliyefundishwa kuogopa mlio alisikilizishwa tena mlio huo, kisha akadungwa anisomaisini kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Hofu iliyokuwa imekwisha kukaa ikapungua sana. Dawa ikitolewa bila kumsikilizisha mlio, hofu inabaki. Kumbe kumbukumbu ikiamshwa inalegea, na inahitaji protini ili ikae upya.

Kisha, mwaka 2015, maabara ya Susumu Tonegawa katika chuo cha MIT, Marekani, iliwapa panya anisomaisini mara baada ya kujifunza hofu. Walipojaribiwa, hawakukumbuka. Watafiti walikuwa wameziwekea alama seli zilizofanya kazi wakati wa kujifunza. Walipoziwasha kwa mwanga, panya wakaganda kwa woga. Sinapsi za seli hizo hazikuwa zimeimarika, lakini kumbukumbu ilikuwepo. Tafsiri ya watafiti, nami naikubali, ni kwamba habari yenyewe inakaa katika namna seli zilivyounganishwa, na protini mpya ndizo zinazomwezesha mnyama kuifikia mwenyewe. Ndiyo maana kwenye mtihani sitoi alama kwa jibu kwamba kumbukumbu "imeandikwa ndani ya protini", hata kama liko kwenye notsi za zamani zinazozunguka hosteli.