Filta ya kebini: maneno ya stendi na yaliyomo nyuma ya kisanduku

Ami yangu ana gari la kazi la zamani, hubebea nazi na maembe kutoka upande wa Marafa hadi soko la Malindi. Kaskazi iliyopita, vumbi limepanda kisawasawa, gereji moja ilimtoza shilingi 4,500 kwa "filta ya AC", yaani hii hii ya kebini. Alipouliza mbona ghali, akaambiwa dashibodi nzima ilibidi ishushwe. Alinijia na risiti mkononi nimwambie kama ameliwa. Jibu lake litakuja. Kwanza kuna maneno mengi yanayozunguka filta hii, na mengine niliyaamini mwenyewe miaka mingi.

"Filta ni filta, hiyo ndiyo ya injini"

Siyo. Ya injini imo chini ya boneti, huchuja hewa inayokwenda kuchomwa na petroli. Ya kebini huchuja hewa mnayoivuta nyinyi mlioketi ndani. Ukiibadilisha, gari halitakula mafuta kidogo wala halitapata nguvu mpya kwenye kilima. Anayekuahidi hayo anakuuzia maneno.

"Bei iko juu kwa sababu kazi ni kubwa"

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kwenye magari mengi madogo ya Kijapani, hasa Toyota zilizojaa mjini hapa, filta imekaa nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, mnamorundika risiti na chaja zilizokufa. Toa vilivyomo. Kama kuna kikamba au kikono pembeni kinachokizuia, kichomoe. Bana kuta mbili za kisanduku kuelekea ndani, kitashuka chote. Utaona kifuniko chembamba cha plastiki chenye vibanio. Kifungue, uvute filta kama unavyovuta droo. Spana haihitajiki, na mara nyingi hata bisibisi haihitajiki. Mara yangu ya kwanza ilinichukua dakika kumi, na tano kati ya hizo nilikuwa naogopa kuvunja plastiki.

Filta ya kawaida ya gari kama hilo huwa naipata kwa shilingi 500 hadi 1,500 kwenye maduka ya spea. Yenye mkaa ndani, inayopunguza harufu na moshi, hupita hapo. Kwa hiyo bili ikifika elfu nne na ushee kwa gari la kawaida, uliza mambo mawili kando kando: filta bei gani, na ufundi bei gani? Wakikujumlishia tu, ndipo penye shaka. Wala si ugonjwa wa Malindi peke yake. Marekani, filta ya dola 15 au 20 dukani huweza kugeuka bili ya dola 60 au zaidi ikiwekwa gerejini, kwa kazi hiyo hiyo ya dakika chache.

Nitakuwa mwadilifu kwa mafundi: yako magari, hasa ya Ulaya, ambayo filta yake imefichwa chini ya kioo cha mbele au karibu na miguu ya dereva. Huko ufundi unastahili kulipwa. Lakini si Toyota Fielder.

"Ipulizwe kwa kompresa, itarudi mpya"

Upepo hutoa majani na vumbi la juu juu. Ule unga mwembamba uliozama kwenye nyuzi haubanduki, na ukipuliza kwa nguvu unatoboa karatasi, halafu vumbi linapita bila kuuliza. Kuiosha kwa maji na sabuni ni vibaya zaidi: filta ya karatasi huharibika, na ikirudishwa mbichi inaota ukungu. Ipige taratibu ukutani kama hujapata pesa ya mpya, lakini usijidanganye kwamba umeisafisha.

"Kitabu kimesema kilomita 20,000, basi ngoja zifike"

Vitabu vingi hutaja kati ya kilomita 15,000 na 30,000, au mwaka mmoja, na humo humo huandikwa kwamba penye vumbi ifanywe mapema. Dereva anayekwenda Watamu na kurudi kwa lami si sawa na anayefuata udongo mwekundu wa Marafa madirisha yamefungwa na feni inafyonza. Kuna pia jambo la kuegesha. Gari likilala chini ya mwarobaini au mvinje, vijani vyake vyembamba huanguka kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele na kuteremka hadi kwenye filta. Yangu niliichomoa siku moja nikakuta kiota cha panya, na masalio ya karanga. Ichomoe uitazame kila baada ya miezi michache, ni bure.

"AC haipoi, basi gesi imeisha"

Sikiliza kwanza. Feni ikinguruma kwa nguvu lakini upepo unaotoka ni wa kubembeleza, shuku filta iliyoziba. Upepo ukiwa mwingi lakini wa moto, hilo ni la gesi au kompresa ya AC yenyewe, na filta mpya haitasaidia. Gesi nayo hailiki kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Harufu ya uvundo ni kesi nyingine: kwa unyevu wetu wa pwani, ukungu hukaa kwenye kipoza hewa chenyewe, nyuma ya filta, na huko panahitaji kusafishwa.

"Nikifunga hewa ya nje, filta haifanyi kazi"

Kwenye magari mengi inafanya. Hewa inayozunguka ndani nayo hupitia hapo hapo.

"Kila gari linayo"

Turudi kwa ami. Tulikishusha kisanduku cha gari lake pale pale uani, chini ya mwembe. Nafasi ya filta ipo, ila imezibwa kwa plastiki iliyotoka nayo kiwandani, haijawahi kukatwa. Magari mengine ya bei ya chini huuzwa hivyo: tundu lipo, filta haipo. Hakuna aliyeshusha dashibodi, wala hakukuwa na cha kubadilisha.

"Kumbe nimelipia upepo," akasema.

Tulikata ile plastiki kwa kisu cha moto, tukanunua filta ya saizi yake na kifuniko chake, tukaiingiza mshale ulioandikwa juu yake ukielekea chini, kule hewa inakokwenda. Risiti ya 4,500 ameihifadhi ndani ya kisanduku hicho hicho, kwa siku atakayopita tena pale gerejini.