Tofauti kati ya "borrow" na "lend"

Vitenzi vya Kiingereza "borrow" na "lend" hueleza tukio lile lile, yaani kitu kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa mwingine kwa makubaliano ya kurudishwa, ila mtendaji wa "borrow" ni anayepokea, na mtendaji wa "lend" ni anayetoa. Katika mambo ya fedha Mswahili hapati taabu, kwa kuwa kukopa na kukopesha vimekwisha kumtenganishia pande hizo mbili. Taabu huanzia kwenye kuazima, kwani husemwa "nimeazima jembe kwa Juma" na vilevile "Juma ameniazima jembe", kitenzi kikiwa kile kile. Anayeuhamishia mtindo huo kwenye Kiingereza ndiye anayesema "borrow me your pen", sentensi inayosikika sana madarasani lakini isiyokubalika katika Kiingereza sanifu.

Sababu yake ni ya kisarufi. "Lend" huweza kubeba yambwa mbili, mtu na kitu, kama katika "Asha lent me her pen", ambayo pia huandikwa "Asha lent her pen to me". "Borrow" hubeba yambwa moja tu, nayo ni kitu chenyewe. Mwenye kitu hutajwa baada ya "from": "I borrowed a pen from Asha". Kwa hiyo anayehitaji kalamu aseme "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?", akiangalia kiima kabla ya kuchagua kitenzi. Wakati uliopita wa "lend" ni "lent", wala si "lended". Neno "loan" kwa kawaida ni nomino, yaani mkopo, ingawa Wamarekani hulitumia pia kama kitenzi mahali pa "lend".

Hata kukopa, kunakoonekana kwepesi, kuna mtego wake. Mtu akichukua kilo ya sukari dukani kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, tunasema amekopa sukari, japo atakachopeleka ni fedha. Kwa Kiingereza mtu huyo amenunua: "he bought the sugar on credit". Ukisema "he borrowed sugar from the shop", msikilizaji ataelewa kwamba ni sukari itakayorudishwa, naye atalishangaa duka la namna hiyo. Kwa jirani, hata hivyo, "borrow some sugar" ni sawa kabisa, ingawa iliyochukuliwa huishia kwenye chai na kinachorudi, kikirudi, ni sukari nyingine.

Matumizi ya kitamathali hufuata kanuni zile zile. "Lend a hand" ni kusaidia, na kwa kuwa msaada hutolewa, "borrow" haiwezi kushika nafasi hiyo. Kuhusu maneno ya mkopo husemwa "English borrowed the word safari from Swahili". Tukitaka Kiswahili kiwe kiima, kitenzi lazima kibadilike: "Swahili lent English the word safari".