Kimbunga Kikitajwa Mafia, Kilwa Wajiandae

Kila Aprili ikifika katikati, manahodha wa boti za Msanga Mkuu pale Feri, Mtwara, huniuliza swali lilelile: "Bwana hali ya hewa, kusi imeshaingia?" Kwao kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikishalegea na kusi, ule wa kutoka kusini, ikaingia, hatari za masika zimepita, na kilichobaki ni kujipanga kwa mawimbi ya Juni hadi Agosti. Jibu langu huwa kwamba kwa upande wa vimbunga, majuma hayo ya kati ya kaskazi na kusi ndiyo ya kukaa macho kuliko yote.

Tazama tarehe zenyewe. Kimbunga kilichoiharibu Zanzibar kilipiga Aprili 1872. Kilichoingia Lindi kilikuwa cha Aprili 1952. Kenneth, 25 Aprili 2019. Jobo, Aprili 2021, ingawa hicho kiliishiwa nguvu kikiwa njiani. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba, lakini vingi vya Januari na Februari huishia Madagaska au huteremkia Msumbiji. Madagaska ni ngao yetu kubwa, ila ncha yake ya kaskazini iko nyuzi 12 kusini mwa ikweta, na Mtwara tuko nyuzi 10 na kidogo. Kinachopita juu ya ncha ile kinaweza kutufikia. Aprili jua limekwisha kurudi kaskazini, ukanda wa mvua unalifuata, na maji ya bahari yetu bado yana joto la zaidi ya nyuzi 27, ambalo ndilo chakula cha kimbunga. Simaanishi kwamba Desemba ni salama: Chido cha Desemba 2024 kiliipiga Kisiwa cha Mayotte, kisha majirani zetu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Kuna jambo moja ninalolieleza kila ninapopata nafasi, kwa sababu linaweza kuokoa watu. Siku moja nahodha mmoja aliniambia, "Mwaka ule wa Kenneth mlitutisha bure." Nikaokota kijiti, nikachora duara kwenye mchanga mbichi, na pembeni nikachora mstari wa pwani. Huku kwetu kusini mwa ikweta, upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kimbunga kikija kutoka mashariki, walio kaskazini mwa kitovu chake hupata upepo unaotoka bara kwenda baharini. Walio kusini mwake hupata upepo unaotoka baharini, umebeba mvua, unasukuma maji ufukweni. Na kwa kuwa kimbunga chenyewe kinasafiri kuja bara, mwendo wake unajumlishwa na upepo wa upande huo wa kusini.

Kenneth, ambacho upepo wake ulizidi kilomita 200 kwa saa, kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, kusini mwa Mto Ruvuma. Mtwara tulikuwa kaskazini mwake, upande wenye nafuu. Tahadhari haikuwa ya bure. Kingepanda kidogo tu na kuingilia Lindi, basi Msimbati na Mikindani huku Mtwara zingekuwa upande mbaya. Hidaya ndicho kilichotuonyesha hilo. Kilielekea Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua iliwaandama Kilwa, walio kusini mwa Mafia, barabara ikakatika Somanga, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama. Yule nahodha aliutazama mchoro kwa muda, kisha akauliza, "Kwa hiyo kikitajwa Mafia, wa Kilwa asiseme kimempita?" Ndiyo. Asiseme.

La pili ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kiasi. Maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo sana. Upepo uleule unaoishia mchangani siku ya maji mafu unaweza kuyaingiza maji majumbani bahari ikiwa imejaa, mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Watu wa pwani hesabu hii mnayo tangu utotoni. Wanaochokoa pweza wanaijua kuliko mimi. Iwekeni pamoja na taarifa yetu ya hali ya hewa.

Taarifa yenyewe ina ngazi tatu: angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, usidhani hiyo ni ya meli tu. Kwa ngalawa au mtumbwi, mawimbi ya mita mbili yanatosha kupindua, hata kama asubuhi ufukwe umetulia.

Kitovu kikipita juu yenu, upepo utakatika ghafla na pengine mtaona anga jeupe. Hilo ni jicho la kimbunga. Msitoke kwenda kuangalia vyombo. Upepo utarudi ukitokea upande mwingine, na mashua iliyokuwa imekingwa na kichaka itakuwa wazi. Vyombo vipandishwe mapema, juu ya alama ya takataka zilizoachwa na bamvua ya mwisho, na vifungwe mbele na nyuma.