Je, wajua kwa nini kinyonga asiye na sumu humtoa mtu mbio?

Kinyonga hana sumu. Meno yake ni vijino vilivyojipanga kwenye ukingo wa taya, na akikubana kidole utaumia kidogo, basi. Mbu ndiye muuaji: mwaka 2023 malaria iliua watu takriban 597,000 duniani, zaidi ya tisa katika kila kumi wakiwa barani Afrika. Hata hivyo mbu hupigwa kofi bila mtu kukatiza mazungumzo, ilhali kinyonga akionekana kwenye ua wa nyumba, wakubwa kwa watoto hutawanyika.

Ubongo haupimi hatari kwa hesabu ya vifo. Unapima kwa umbo la mdudu, mwendo wake, namna anavyozuka ghafla, na sana sana kwa kile mtu alichokisoma usoni mwa mama au dada yake angali mdogo. Tena, kile tunachokiita kwa jumla "woga" ndani yake kina vitu viwili vinavyofanya kazi tofauti: hofu na kinyaa. Asiyevitenganisha hupata shida kuvitibu.

Hofu ni maandalizi ya kukimbia au kupambana. Homoni ya adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hudunda, viganja hutoka jasho, pumzi hukatika. Kinyaa hakikutayarishi kukimbia, kinakukataza kugusa na kumeza: pua hukunjwa, mdomo wa juu hupanda, mate hujaa, tumbo huchafuka, ngozi husisimka. Ili ujue kipi kinakusumbua, jiulize swali moja: naogopa atanifanya nini? Ukijibu "ataniuma", hiyo ni hofu. Ukijibu "atanitambaa" au "atanigusa tu", hicho ni kinyaa. Kwa wadudu na wanyama wengi wa nyumbani, jibu la pili ndilo hutangulia.

Mende na glasi ya juisi

Mwaka 1986 Paul Rozin na wenzake, watafiti wa Marekani, walichukua mende aliyekufa, aliyesafishwa hadi hana kijidudu hata kimoja, wakamchovya kwenye glasi ya juisi mbele ya watu na kumtoa. Watu walielezwa wazi kwamba mende huyo ni safi. Wengi hawakutaka kuinywa ile juisi. Walijua haina madhara, na bado mkono ulikataa. Hivyo ndivyo kinyaa kilivyo: hakisikilizi hoja, kinafuata mgusano. Kilichogusa kichafu nacho kimekuwa kichafu, na kimekuwa hivyo moja kwa moja.

Kanuni hiyo ina mantiki ya zamani. Kabla watu hawajajua habari za bakteria, aliyejitenga na uozo, kinyesi, usaha na viumbe vya jalalani aliugua mara chache. Utafiti wa Val Curtis na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2004 na kuwashirikisha watu takriban 40,000 kutoka nchi nyingi, ulionyesha kwamba picha zenye dalili ya maradhi ziliwachukiza watu kuliko picha zinazofanana nazo zisizo na dalili hiyo. Mende anaingia humo kwa haki kabisa. Hutoka kwenye shimo la choo akapanda kwenye sahani, na vumbi la kinyesi na magamba yake huamsha pumu kwa baadhi ya watu.

Kinachomzidishia mende ubaya ni mbio zake. Mende mkubwa wa kahawia hufika mita 1.5 kwa sekunde. Nyuma ya tumbo ana vijimkia viwili vyenye vinywele vinavyohisi upepo, na kandambili inaposhuka, upepo wake humfikia kabla ya kandambili yenyewe. Hugeuka na kuanza kukimbia katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana humkosi mara moja tu, unamkosa mara tatu, na ndiyo maana huonekana kama anakufuata. Hakufuati. Anakimbilia giza na upenyo, na mara nyingi upenyo wa karibu uko chini ya kiti ulichokalia.

Hata hivyo, nani awe kinyaa na nani awe kitoweo ni jambo la malezi. Senene wakishuka Kagera na Uganda, watu huwakusanya usiku kwenye taa, wakawanyofoa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, na sahani ikiisha watu hugombania makombo. Mgeni wa mkoa mwingine huikodolea macho sahani hiyo hiyo tumbo likimchafuka. Yule yule mla senene mpeleke pwani, umwekee pweza na ngisi mezani, uone atakavyosogeza kiti. Ulimi wa mtoto mchanga haujui lolote kati ya haya. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hutia mdomoni karibu chochote anachokiokota.

Kinyonga: mpole anayechukiwa

Kinyonga ni fumbo zaidi, maana hana mbio za mende wala uchafu wake. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Uingereza, Bennett-Levy na Marteau, waliwauliza watu kuhusu wanyama wadogo wasio na madhara, wakagundua kwamba woga hupanda pale mnyama anapokuwa mwepesi, anapozuka ghafla, anapoonekana mbaya au mwenye utelezi, na kadiri umbo lake linavyokuwa mbali na la binadamu. Kinyonga hushindwa mtihani wa mbio, lakini kwenye umbo anapata alama zote. Kope zake zimefunika jicho lote likabaki tundu dogo katikati, na kila jicho huzunguka peke yake, moja likikutazama wewe na jingine likitazama nyuma. Vidole vimegawanyika makundi mawili, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, vikashika tawi kama koleo. Hutembea akiyumba mbele na nyuma kabla ya kukanyaga. Ulimi wake waweza kuzidi urefu wa mwili mzima. Ukimkaribia hujaza hewa akavimba, akapanua kinywa na kutoa mlio wa kupuliza. Hiyo ni kelele ya mnyonge asiye na silaha nyingine.

Kubadilika rangi ndiko kunakowatisha watu zaidi, na wengi hukuhusisha na uchawi. Mwaka 2015 watafiti wa Geneva walionyesha kunavyotokea: ndani ya ngozi mna seli zenye fuwele ndogo mno za kemikali iitwayo guanini. Kinyonga akitulia, fuwele husogeleana. Akipandwa na hasira au akimwona mpinzani, huachana, na mwanga unaorudishwa hubadilika rangi. Kwa hiyo mara nyingi rangi zile ni lugha ya hasira, ya kutafuta mwenza, au njia ya kurekebisha joto la mwili.

Juu ya umbo pamewekwa masimulizi. Wazulu husimulia kwamba kinyonga alitumwa awapelekee watu habari ya kuishi milele, akajikokota njiani, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Masimulizi ya jinsi hiyo yametapakaa katika jamii nyingi za Kibantu. Mtoto anayekua akisikia kwamba huyu ndiye aliyetuletea mauti hahitaji kuumwa ili aogope.

Kuona tu kunatosha, na hilo limepimwa. Katika miaka ya 1980 Michael Cook na Susan Mineka wa Marekani walitumia nyani waliozaliwa na kulelewa maabara, ambao hawakuwa na habari na nyoka. Waliwaonyesha video ya nyani mwingine akishtushwa na nyoka au mamba wa bandia, nao wakajifunza kuwaogopa. Video zilipohaririwa ili yule nyani aonekane anashtushwa na maua au sungura, hawakujifunza kitu. Inaelekea tunazaliwa na mlango uliofunguliwa nusu kwa viumbe wa namna fulani. Jamaa zetu ndio wanaousukuma. Mwaka 2002, nchini Australia, Gerull na Rapee waliwaonyesha watoto wa miezi 15 hadi 20 nyoka na buibui wa mpira, mama zao wakiwa wamekunja uso au wakitabasamu. Walioona uso wa woga walivikwepa vitu hivyo hata mama alipokuwa ameshatulia.

Woga unaokosea anwani

Hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la kuchekesha. Jongoo hupigiwa kelele, ilhali tandu hukanyagwa kwa kidole gumba kilicho wazi. Jongoo ni wa mviringo, ana jozi mbili za miguu kwa karibu kila pingili, huenda polepole na hujiviringisha. Hang'ati. Majimaji yake ya ubavuni hutia ngozi doa na huwasha macho, kwa hiyo ukimshika nawa mikono kabla ya kujifikicha. Tandu ni bapa, ana jozi moja kwa kila pingili, anakimbia, na jozi ya mbele kabisa ni meno ya sumu yanayouma vibaya.

Vivyo hivyo nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakawa mdogo mwenye mistari myeusi na ya machungwa. Hatishi, kwa hiyo watu humponda shingoni kwa kiganja. Hang'ati wala hachomi, ila damu yake ina sumu iitwayo pederini, na ukimponda, siku inayofuata ngozi huwa nyekundu na kutoka malengelenge. Mpulize aondoke au mwondoe kwa karatasi. Akishapondeka, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji, na usiguse macho.

Kujitoa kwenye woga, ngazi kwa ngazi

Woga huitwa ugonjwa, yaani fobia, pale unapodumu miezi sita au zaidi na kuingilia maisha: mtu haendi shamba, haingii jikoni usiku, anahama chumba. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 22 ulikuta takriban asilimia 7.4 ya watu wamewahi kuwa na fobia ya kitu mahususi, mara nyingi ikianza utotoni. Dawa yake kuu si kidonge, ni kukutana na kile kitu kwa mpango. Lars-Göran Öst wa Sweden alieleza mwaka 1989 namna ya kufanya kazi hiyo na mtaalamu katika kikao kimoja kisichozidi saa tatu. Kwa woga wa kawaida, unaweza kuanza nyumbani.

Tuchukue mjusi kafiri, yule wa ukutani. Andika hali nane hadi kumi, kila moja uipe namba ya woga kuanzia 0 (hakuna woga) hadi 10 (woga mkubwa kabisa): kutazama picha, kutazama video, kumwona nyuma ya kioo cha dirisha, kusimama mlangoni akiwa ukuta wa mbali, mita tatu, mita moja, kukaa chumba hicho hicho ukila, kulala taa ikiwa imezimwa. Anza na hali uliyoipa namba 3 au 4. Ukianza na 1 huchoki wala hujifunzi. Ukianza na 9 utatoka mbio.

Kabla ya kila hatua andika utabiri wako kwa sentensi moja, kwa mfano: "Nikikaa dakika kumi ataniangukia." Kisha kaa mpaka namba ishuke hadi nusu, jambo ambalo laweza kuchukua nusu saa au zaidi, halafu andika kilichotokea. Watu huruka hatua hii ya kuandika, nayo ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ubongo hujifunza pale utabiri unaposhindwa. Rudia kesho, kisha badilisha chumba, saa na mjusi, la sivyo utazoea mjusi mmoja wa sebuleni tu.

Kinachoharibu ni kuondoka namba ikiwa 8. Ukitoka hapo, ubongo unaandika kwamba umepona kwa sababu umekimbia, na safari ijayo ni ngumu zaidi. Kushika ufagio, kutazama simu au kumng'ang'ania mwenzako kuna athari hiyo hiyo: sifa inakwenda kwa ufagio. Baya kuliko yote ni kaka anayekurushia mjusi "ili uzoee". Hapo hujapewa mazoezi, umepewa tukio jipya la kutisha. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kama tatizo lako ni kinyaa, kutazama peke yake hakutoshi. Ongeza ngazi za mguso: mjusi wa plastiki, chupa aliyomo mjusi, ukuta alikopita. Usimshike mjusi halisi, atakatika mkia, na mkia hubaki ukirukaruka. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa kinyesi chake huweza kubeba bakteria wa salmonela. Tarajia kinyaa kishuke polepole kuliko hofu.

Anayezirai akiona damu, jeraha au sindano ni kisa kingine. Kwa hofu ya kawaida msukumo wa damu hupanda, kwake yeye huporomoka. Afanye mazoezi haya akiwa ameketi: akaze misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, alegeze sekunde 20 hadi 30, arudie mara tano.

Nyoka na nge wa porini hawamo kwenye mazoezi haya. Kwao ishia kwenye picha na video. Koboko, swila na kifutu wanastahili umbali wako.

Kwa mtoto, kazi ni nyepesi zaidi ikianza mapema. Mkikutana na kinyonga, simama hatua mbili, shusha sauti, mwonyeshe macho yanavyozunguka na namna anavyokanyaga, kisha muacheni aendelee na tawi lake. Ikiwa wewe mwenyewe unamwogopa, mpe kazi hiyo shangazi au jirani asiyemwogopa.